Kapasita ya sita iliyonidanganya kuwa nane

Mke wangu alidhani nimeleta makabati ya viatu. Hakukosea sana. Ni maboksi mawili ya spika za zamani, ya mbao ya wolnati, kila moja lina urefu wa sentimita 63 na nusu na uzito wa kilo 24, na kitambaa cha kitani mbele kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Niliyapandisha peke yangu hadi ghorofa ya pili, mwezi wa Februari, theluji imeganda ngazini, huku nikiomba mgongo usigome maana usiku nilikuwa na zamu.

Ninaishi Lowell, Massachusetts, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Huku mtu akifariki, mara nyingi watoto hufungua nyumba siku mbili na kila kitu hubandikwa bei, kuanzia sofa hadi vijiko. Nyumba hii ilikuwa Chelmsford, mji wa jirani. Binti wa marehemu aliniambia bila kunificha: moja haitoi sauti ya juu, nyingine inakwaruza. Nikatoa dola 120 kwa zote mbili. Nisingezitazama mara ya pili kama nisingeinama kusoma karatasi iliyobandikwa mgongoni: AR-3a, Acoustic Research, 24 Thorndike Street, Cambridge. Cambridge hiyo haifiki kilomita hamsini kutoka kitandani kwangu.

Kwa asiyewajua, Acoustic Research ilianzishwa mwaka 1954 na Edgar Villchur pamoja na Henry Kloss. Villchur ndiye aliyekuja na wazo la kuifunga spika ya besi kwenye boksi lisilopitisha hewa kabisa, ili hewa iliyomo ndani iwe ndiyo springi ya koni, yaani ile sehemu ya mbele inayotikisika. Kwa hiyo boksi la kuweka kwenye rafu likatoa besi ambayo zamani ilidai kabati la ukubwa wa jokofu. Walijiamini kiasi cha kuandaa maonyesho ambapo wanamuziki wa Fine Arts Quartet walipiga ala jukwaani, kisha katikati ya kipande wakaacha kupiga na spika za AR-3 zikaendelea, hadhira ikae ibahatishe. Walikuwa pia na chumba cha kusikilizia ndani ya stesheni ya treni ya Grand Central, New York. Unasubiri treni, unaingia kusikiliza. AR-3a ilitoka mwaka 1967, ikiwa mrithi wa hiyo AR-3.

Ndani ya kila boksi mna spika tatu. Wufa ya inchi 12 ni ya besi, kuba dogo la inchi moja na nusu ni la sauti za katikati, na twita ya robo tatu ya inchi, ndogo kuliko kifuniko cha soda, ni ya juu. Karatasi ya kampuni inasema masafa yanagawanywa kwenye alama mbili: 575 Hz na 5000 Hz (Hz ni idadi ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde). Namba hizo mbili zimeninyima usingizi mwezi mzima, na ndizo ninazotaka kuzieleza.

Kazi ya kugawanya inafanywa na kile ambacho mafundi huita krosova: koili na kapasita chache zilizojificha nyuma ya boksi, ndani kabisa. Koili huzuia masafa ya juu na kuruhusu ya chini. Kapasita hufanya kinyume chake. Wufa inawekewa koili isipelekewe kelele za juu, twita inawekewa kapasita isiunguzwe na besi. Mpaka hapo hata mtoto anaelewa.

Kinachowapoteza watu, na kilichonipoteza mimi, ni kudhani kwamba 5000 ni ukuta: kwamba sauti ya 4999 inatoka kwenye spika ya katikati na ya 5001 inaruka kwenda kwenye twita. Sivyo. Ni kama makabidhiano ya zamu kazini kwetu. Zamu yangu inaanza saa tano usiku, lakini ninafika robo saa kabla, na yule wa jioni haondoki hadi anieleze nani amekula na nani amekataa dawa. Kwa muda huo tupo wawili wodini. Tukielewana, mzee hajui hata kama watu wamebadilishana. Tukianza kumsemesha wote wawili kwa wakati mmoja, kila mtu na lake, mzee anachanganyikiwa. Masafa ya krosova ni ile dakika ambayo mzigo uko nusu kwa nusu. Pande zote mbili za dakika hiyo, spika mbili zinalia pamoja, moja ikififia na nyingine ikipanda.

Ili nizifahamu namba hizi kwa masikio badala ya karatasi, nilipakua programu ya simu inayotoa mlio wa masafa yoyote utakayo, nikaunganisha kwa sauti ya chini sana. (Chini sana kweli. Twita hizi ni za zamani, waya wake ni mwembamba kama unywele, na mlio mmoja mrefu wa nguvu unatosha kuzizika.) Nilipoweka 575 nilishangaa. Nilitarajia mngurumo, kumbe ni sauti ambayo mtoto wa madrasa anaweza kuiimba bila kujikaza. Sauti ya La wanayotumia wanamuziki kuwekea ala sawa ni 440. 575 ipo juu yake kidogo tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sauti ya mwanamume anayeongea, na udi karibu wote, bado ni mali ya wufa. Halafu nikaweka 5000: mluzi mkali, wa kukera. Noti ya juu kabisa ya piano ni 4186. Ina maana hata noti hiyo ya mwisho bado iko zaidi mikononi mwa spika ya katikati. Kazi kubwa ya twita ni yale masafa ya juu yanayoandamana na noti, yanayokufanya utambue kwamba hii ni ganuni na ile ni gitaa.

Sasa kwa nini 575 na siyo namba nyingine? Hapa ndipo AR-3 na AR-3a zinapotofautiana, na kwangu ndipo utamu wa jambo lenyewe. AR-3 ya zamani iligawanya kwenye 1000 na 7500. Kwenye AR-3a namba zote mbili zikashushwa. Fanya hesabu ya urefu wa wimbi: sauti husafiri karibu mita 344 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 1000 Hz lina urefu wa sentimita 34. Wufa ya inchi 12 ina upana wa sentimita 30. Wimbi likishakaribiana na upana wa koni, koni huacha kumwaga sauti chumba kizima na kuanza kuielekeza mbele tu, kama tochi. Aliyekaa katikati anasikia vizuri, aliyekaa pembeni anapata makombo. Kwenye 575 wimbi bado lina sentimita 60, mara mbili ya koni, na sauti inasambaa. Vivyo hivyo huko juu: kuba la katikati lilipunguzwa kutoka inchi 2 hadi moja na nusu, twita ikawa ya robo tatu ya inchi, na kazi ikahamishwa mapema kwenda kwa aliye mdogo zaidi. Walikuwa wanapigania yule mtu wa pembeni. Mimi, ambaye nimekulia kwenye sebule ya watu kumi na moja na redio moja, nawaunga mkono.

Basi nikafungua. Wufa inatoka kwa kufungua skrubu na kuibandua kwenye udongo mzito wa kuziba hewa, halafu unakutana na sufi ya mawe iliyojazwa hadi kooni, inayowasha kuliko upupu. Vaa mikono mirefu, mimi sikuvaa. Kule chini kabisa ndipo ilipo krosova.

Ugonjwa wa kwanza niliujua kabla ya kuuona. AR-3a ina vitufe viwili mgongoni vya kuongeza na kupunguza sauti ya katikati na ya juu, na ndani yake ni waya uliozungushwa na kijikono kinachotembea juu yake. Baada ya nusu karne waya huo huota kutu ya kijani na nyeupe, na sauti inakufa au inakwaruza. Nikasugua kwa mswaki wa zamani na msasa laini kabisa, na ghafla twita zote zikaamka. Ningefunga hapo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Lakini mimi ni mpwa wa fundi. Mjomba wangu alitengeneza redio Mwembe Tayari, Mombasa, miaka isiyopungua arobaini, na kazi yangu utotoni ilikuwa kumshikia tochi na kutumwa chai. Enzi zile kapasita zisizo na chanya wala hasi zilikuwa haba dukani, na hizo ndizo zinazofaa kwenye spika, kwa sababu mkondo wa muziki huenda mbele na kurudi nyuma. Mjomba alichukua mbili za kawaida za mikrofaradi 10 (ndicho kipimo cha kapasita), akaziunganisha hasi kwa hasi, akapata moja ya 5 isiyo na upande. Hizo "ndoa za hasi," kama alivyoziita, zimelisha masikio ya nusu ya Majengo. Nakumbuka alivyowakemea vijana waliokuwa wakiweka moja peke yake na kushangaa inavimba kama andazi.

Kwa hiyo nilikata mguu mmoja wa kapasita ya twita kwenye boksi la kulia, nikaipima. Ni furushi la karatasi lililozamishwa kwenye nta, na maandishi yake yalikuwa yamefunikwa na nta iliyoyeyuka na kuganda tena. Mita ikasoma mikrofaradi 8, kasoro kidogo. Nikatoa kalamu. Kanuni ya kapasita moja na spika moja ni rahisi: chukua 159,155, ugawanye kwa mikrofaradi mara omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Spika hizi ni za omu 4. Nane mara nne, thelathini na mbili. 159,155 gawanya kwa 32 ni 4974.

Elfu nne mia tisa sabini na nne! Karatasi ya kampuni inasema 5000. Nilitaka kumwamsha mke wangu. Nikaenda boksi la kushoto, nikapima ya huko, ikasoma 6.4, na moyoni nikasema, maskini, hii ndiyo imechoka, imepoteza nguvu. Nikaagiza kapasita mpya za plastiki za 8. Zilipofika nikalehemu ile ya kulia kwanza, nikafunga, nikawasha.

Niliweka taarifa ya habari, maana sauti ya mtu mmoja anayeongea ndiyo kipimo kisichosema uongo: inatakiwa ikae katikati ya spika mbili kama vile mtu amesimama hapo. Kifua cha msomaji kilikuwa katikati. Herufi zake za "s" zilikuwa kulia. Kila akisema "serikali" ilikuwa kana kwamba mwili uko hapa na meno yako kule. Nikazungusha kitufe cha twita kupunguza. Meno yakarudi katikati, lakini matoazi yakazama. Nikakaa nayo siku tatu nikijiambia ni chumba, ni pazia, ni masikio yangu baada ya zamu.

Siku ya nne nikampigia mjomba. Kwake ilikuwa jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu nambie, umeharibu nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na hesabu yangu, ambayo niliisoma kwa madaha. Akanyamaza kidogo. Halafu akacheka ile kicheko yake ya kikohozi.

"Wewe umeokota maiti ya maji, ukaipima kilo, ukasema marehemu alikuwa mnene. Kapasita ya karatasi ikizeeka huvimba namba. Sasa ile iliyosoma ndogo ndiyo iliyo karibu na ukweli. Kwangua hiyo nta uone mzungu mwenyewe aliandika nini."

Nilichukua mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu (nilimwomba msamaha baadaye, haikusaidia) nikaipasha nta moto, nikaifuta kwa kitambaa, na pale chini, kwa wino uliofifia, pakatokea 6. Si 8. Ya spika ya katikati ni 50, na kuna nyingine ya 150 kwa ajili ya wufa.

Basi nikarudi kwenye kalamu nikiwa na hasira. Sita mara nne, ishirini na nne, jibu 6631. Hamsini mara nne, mia mbili, jibu 796. Hakuna 5000, hakuna 575! Namba za kampuni hazitoki kwenye kapasita za kampuni. Nilimtumia mjomba ujumbe wa sauti nikilalamika kama aliyeibiwa, naye akanijibu kwa sentensi moja: "Ile kanuni haijui kama kuna spika."

Ilinichukua muda kuimeza. Kanuni yangu inadhani twita ni kipande cha waya chenye omu 4 daima. Lakini omu 4 ni jina tu. Spika ni koili inayotikisika kwenye sumaku, na ukinzani wake hupanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika. Kuna sehemu unakuwa zaidi ya maradufu. Juu ya hapo kuna kile kitufe cha mgongoni kinachokaa katikati ya kapasita na spika na kubadilisha mzigo, na koili ndogo ambazo sikuziweka kwenye hesabu. Na kubwa kuliko yote, spika zenyewe zina tabia zao hata bila krosova: kuba la katikati linaanza kuchoka lenyewe kwenda juu, twita ina mahali inapoanza kuamka yenyewe. Namba ya 5000 ni pale sauti mbili zinapokutana hewani, mbele ya boksi, baada ya tabia zote hizo kujumlishwa. Kapasita ni mmoja tu wa wanaochangia. Mhandisi aliyechagua 6 alichagua akiwa na twita hiyo mezani, siyo akiwa na kalamu peke yake. Mimi nilipoweka 8, niliifikisha twita kazini mapema, zamu ya jioni bado haijaondoka, na wote wawili wakawa wanamsemesha mzee. Zile "s" zilikuwa ndizo mabishano yao.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma karatasi za spika za zamani kwa jicho jingine. JBL L100 ya California, mpinzani mkubwa wa AR miaka ya 1970, wufa yake haina koili ya kuizuia hata moja: inaachwa iende hadi ichoke yenyewe, na bado karatasi ina namba za krosova. Yamaha NS-1000M ya mwaka 1974 inagawanya kwenye 500 na 6000, karibu sawa na AR-3a kwenye karatasi, na anayezisikiliza zote mbili hatazichanganya hata akiwa usingizini. LS3/5a iliyobuniwa na BBC ina spika mbili tu na inakabidhi karibu na 3000, katikati ya eneo ambalo masikio yetu ni makali kuliko yote, na watu wameilipia fedha nyingi kwa sababu ya sauti za binadamu. Mtu akiniuliza sasa krosova nzuri ni ya ngapi, namuuliza spika gani, boksi gani.

Niliitoa ile ya 8. Za 6 sikuzipata upesi, nikachukua mbili za 3 nikazilaza sambamba, maana sambamba hujumlishwa, tofauti na ndoa za hasi za mjomba. Boksi zote mbili, kulia na kushoto, siku moja. Msomaji wa habari akarudi katikati, meno yake yote mdomoni.

Usiku ule nikataka kuzindua kwa heshima. Nikaweka Siti binti Saad, mojawapo ya zile santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya santuri ya HMV. Sauti ikajaa chumba. Nikasogea kusikiliza twita kwa karibu, sikio limegusa kitambaa: hakuna Siti. Kulikuwa na chrrr tu, kama sambusa zinakaangwa jikoni kwa jirani. Nikaenda ya pili: chrrr. Moyo ukanidunda; nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu mbili za wufa, ya tatu, ndipo nikasimama. Mitambo ya kurekodi ya miaka ile haikupanda sana kupita 5000. Yote ambayo Siti aliimba siku ile yalibaki chini ya mstari, kwa wufa na kuba la katikati, na kilichobaki kwa twita ni mikwaruzo ya sindano kwenye santuri.

Nikarudisha skrubu. Nikakizungusha kitufe cha twita hadi mwisho wa kupunguza, sambusa zikanyamaza, na Siti hakupungukiwa na kitu.